Suruali ya Mpira Ikuenee, na Ziwa Ulijue: Nasaha kwa Vijana wa Chato

Wanangu, nawaona kila alfajiri mwaloni, Kasenda, Muganza na kila penye mtumbwi katika Chato yetu. Siku hizi baadhi yenu mnavaa zile suruali za mpira zinazopanda hadi kifuani, zenye buti zilizogandishwa kabisa miguuni na mikanda ya kuning'iniza mabegani. Vijana wa vizimba vya sato wanazo, wanaotengeneza mabwawa ya samaki wanazo, na wale wanaoingia majini kupokea mitumbwi, kushusha kreti za sangara na ndoo za dagaa, wameanza kuzitafuta. Asiye na suruali hiyo ana gambuti. Sisi tulikua tukiingia ziwani miguu mitupu, na nasema waziwazi kwamba vazi hili ni jambo jema na lingetufaa sana enzi zetu. Ninachokiogopa ni jinsi mnavyolichagua na jinsi mnavyoliamini.

Nianze na wema wake, maana asiyejua kwa nini anavaa kitu hawezi kukivaa vizuri. Huko Ulaya na Marekani zilikotokea suruali hizi, mvuvi huvaa ili maji ya baridi yasimuue. Sisi hatuna baridi hiyo. Chato iko chini ya nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na maji ya Ziwa Victoria ni ya uvuguvugu mwaka mzima. Kinachotufanya tuhitaji mpira kati ya ngozi na maji ni kichocho.

Mwaka 1851 daktari Mjerumani aitwaye Theodor Bilharz, akiwa Cairo, alipasua maiti na kukuta minyoo ndani ya mishipa ya damu. Minyoo ya jamii hiyo ndiyo inayoleta kichocho tunachoishi nacho hapa. Wenzetu wa Shinyanga, wanaoshinda kwenye majaruba ya mpunga na malambo, husumbuliwa zaidi na kichocho cha kibofu, kile cha mkojo wa damu. Cha kwetu wa ukingoni mwa ziwa ni cha tumbo, nacho hakina haraka. Mtu mwenye minyoo hiyo anajisaidia kwenye matete. Mayai yanaingia majini, yanaanguliwa, vijidudu vinamtafuta konokono. Ndani ya konokono mmoja vinaongezeka kwa wiki kadhaa, kisha vinatoka kwa maelfu, hasa jua likipanda, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Vikigusa ngozi ya binadamu vinapenya kwa dakika chache. Hakuna jeraha, na mara nyingi hakuna maumivu, labda kuwashwa kidogo tu. Unamaliza kazi, unalipwa, unakula ugali wako na dagaa, unalala. Miaka inapita. Siku moja tumbo linaanza kujaa, ini na bandama vimevimba, na kijana aliyekuwa anabeba kreti mbili kwa mkupuo anatapika damu. Mmeshawaona watu wa namna hiyo katika mialo yetu. Wengine walisema wamerogwa.

Kwa hiyo mwenye suruali ya mpira iliyo nzima, inayomwenea, amejiwekea ukuta. Nasema iliyo nzima. Iliyotoboka ina hatari yake, na hili wengi hamlijui. Aliye miguu mitupu hutoka majini, jua likamkausha. Aliyevaa suruali yenye tundu dogo la msumari maji yanamwingia polepole, yanatuama gotini na kwenye buti, yeye anadhani ni jasho, anashinda nayo mpaka adhuhuri yakiwa yameshikamana na ngozi. Hapo mpira umegeuka kuwa mtego.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Mnanunua hizi nguo mkiwa na haraka, Buseresere au Katoro siku ya gulio, au mnamwagiza mwenzenu anayekwenda Mwanza. Anawaletea aliyoikuta. Hamjampa kipimo, naye hakuuliza. Wanangu, suruali ya mpira hainunuliwi kwa kuagiza isipokuwa mmempa mnunuzi vipimo vitatu vilivyoandikwa: namba ya kiatu, urefu wa mguu kutoka msambani hadi kisiginoni, na mzunguko wa kifua mkiwa mmevaa shati la kazi. Kipimo cha mguu mtu hajipimi mwenyewe. Simama umeegemea ukuta, mwenzako ashike utepe wa fundi cherehani.

Ukiwa dukani mwenyewe, nenda jioni. Mguu uliosimama kutwa huvimba kidogo, na huo ndio mguu utakaofanya nao kazi. Vaa soksi nzito kabla ya kuingiza mguu. Sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse ncha ya buti. Nyuma ya kisigino paingie kidole kimoja, basi. Kisha funga mikanda ya mabega na utembee. Kisigino kikipanda na kushuka ndani ya buti, irudishe. Buti ikibana mpaka vidole vinalaliana, irudishe pia, kwa sababu damu haitapita vizuri na utakufa ganzi ndani ya saa moja.

Halafu chuchumaa. Usione haya mbele ya muuza duka. Pesa ni yako. Chuchumaa mpaka makalio yakaribie visigino, kaa hapo, pumua. Mikanda ikikuvuta mabega chini, au mpira ukikaza magotini kama unataka kupasuka, suruali hiyo ni fupi kwako na itachanika msambani kabla msimu haujaisha. Simama, mwombe kreti la soda, weka mguu mmoja juu yake bila kuinua suruali kwa mkono. Ukishindwa kupandisha goti, utawezaje kupanda mtumbwi ukingoni? Angalia na upande wa pili: msamba wa suruali ukining'inia karibu na magoti, ni ndefu. Itajikunja kwenye vifundo vya miguu, patasuguana hapo hapo kila hatua, na mpira huanza kupasuka pale pale unapojikunja. Tena utakukwaza. Kifuani pawe na nafasi ya kuvuta pumzi yote, lakini mdomo wa suruali usiachame, kwa kuwa wimbi moja likiukuta wazi linaingia lote.

Kuna jambo la buti ninaloomba mlishike, maana ndilo lenye hatari kubwa katika fukwe zetu. Chini ya maji yetu kuna tope. Penye mafunjo na magugu maji kuna tope jeusi linalomeza hadi gotini. Mwenye gambuti kubwa akizama kwenye tope, mguu unachomoka, gambuti inabaki; amepoteza kiatu, ametoka salama. Mwenye suruali ya mpira hana bahati hiyo. Buti imegandishwa kwenye suruali. Ikiwa kubwa, tope linaishika, kisigino kinapanda ndani lakini hakiwezi kutoka, naye mwili wake umeshaelekea mbele. Anaanguka kifudifudi, mguu umeshikwa nyuma yake. Maji ya kiuno yanatosha kumuua mtu aliyeanguka hivyo. Niliwahi kuona kijana mmoja, mrefu, mwenye nguvu, akishikwa namna hiyo hatua chache kutoka mchangani. Waliomtoa walikuwa kina mama waliokuwa wakiosha masufuria, wakamvuta kwa khanga mbili zilizofungwa pamoja. Alikuwa amevaa suruali ya tajiri wake, mtu mnene mwenye mguu mkubwa.

Kuhusu aina ya mpira nitasema machache. Ile nene yenye sponji imeshonwa kwa ajili ya watu wa barafu. Ukiivaa Chato saa sita mchana utapikika. Tafuta nyepesi, ya nailoni iliyopakwa mpira au ya plastiki laini. Soli iwe na meno makubwa. Zipo zenye soli ya manyoya yaliyoshindiliwa, zimetengenezwa kwa mito ya mawe yenye utelezi. Kwenye tope letu hujaa uchafu zikateleza, na hubeba vipande vya magugu kutoka bwawa hadi bwawa.

Na mkanda wa kiunoni. Suruali nyingi zinakuja nao, nanyi mnautoa mkafungie mizigo kwenye bodaboda. Urudisheni. Mkanda huo unafungwa nje ya suruali, juu kidogo ya nyonga, umekaza. Kazi yake ni kuzuia maji yasishuke miguuni kwa ghafla ukianguka, na kuifungia chini ile hewa iliyomo, ambayo itakuwa msaada wako. Kama uliokuja na suruali umepotea, kata utepe mrefu wa tyubu ya baiskeli. Unavutika na unabana vizuri. Ufunge fundo la kuvuta, lile linalofunguka kwa mkono mmoja, tena ulijaribu ukiwa umefumba macho. Mikanda ya mabegani nayo ikae juu ya nguo zako zote. Nawaona mnavaa koti la mvua juu yake. Siku utakapotaka kuivua suruali ndani ya maji utaanza kwanza kuvua koti, na muda huo hutakuwa nao.

Anayefanya kazi karibu na nyavu azingatie vile vifungo vya kifuani. Nyavu za makila zikinasa kwenye kifungo, na mtumbwi unasogea, wavu unakuvuta nao. Vifunge vikielekea ndani, au uvifunike kwa kitambaa, na kisu kiwe kwenye ala kifuani, mahali mikono yote miwili inapafikia.

Sasa niwaambie kuhusu maji yenyewe. Kipimo changu ni hiki: suruali inafika kifuani, lakini wewe unaishia kiunoni. Sehemu iliyobaki ni ya mawimbi. Anayeingia mpaka maji yaguse mdomo wa suruali hajabakiza kitu, na ziwa hili halina adabu ya kutulia kwa sababu wewe umesimama ndani yake.

Tena ukingo mnaoujua si ule tuliouzoea. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likafikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Mliona wenyewe: mashamba yalimezwa, vibanda vya mwaloni vikahama, miembe ikabaki imesimama majini. Maji yanapopanda na kushuka hivyo, chini yake kuna vitu vya nchi kavu. Kuna mashimo tuliyofyatulia tofali. Kuna visima. Kuna vyoo vya shimo ambavyo mwenyewe alihama akaviacha wazi. Kuna visiki na seng'enge za mashamba. Mtu anatembea maji ya goti, hatua inayofuata hakuna ardhi. Kwa hiyo usiingie bila upondo au fimbo imara. Upondo utangulie, mguu ufuate. Buruta miguu, usiinyanyue kama uko barabarani. Mguu mmoja ushike chini ndipo mwingine usogee. Mawimbi yapokee kwa ubavu, maana yakikukuta uso kwa uso yanakupiga kifua chote na kukurudisha nyuma. Ukiwa umebeba kreti kichwani huwezi kushika upondo, nami najua kazi yenu ni kubeba. Basi asubuhi, kabla mitumbwi haijafika, mmoja wenu apime njia kwa upondo na kusimika matete pande mbili. Wote mpite hapo.

Msiingie peke yenu. Na msiingie penye mafunjo marefu alfajiri au magharibi, mpira au bila mpira. Kisiwa cha Rubondo tunakiona kwa macho, na mamba na viboko wa hifadhi ile hawajui mpaka wa hifadhi ulipo. Suruali ya mpira haijawahi kumzuia mamba.

Nimefika kwenye mtumbwi, na hapa nitakuwa mkali. Suruali ya mpira ni ya kusimamia majini ukingoni. Haipandi mtumbwi unaokwenda kilindini. Ukimaliza kusukuma chombo na mashine imewashwa, ivue, ikunje, iweke chini, uvae jaketi okozi. Atakayesema hana muda wa kuivua na aende bila kuivaa tangu mwanzo. Ziwa letu lina kina cha wastani wa mita 40, na mahali penye kina kirefu zaidi ni kama mita 80. Huko hakuna chini utakayoikanyaga kwa soli yenye meno. Na msijidanganye kwamba ajali ni za mbali na pwani. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kutia nanga Bwisya, kisiwani Ukara, watu wa nchi kavu wakikitazama. Walikufa watu zaidi ya 220. Ukaribu na nchi kavu haukuwasaidia.

Ninyi mliotoka machimboni, Rwamgasa, Nyarugusu na kwingineko, mkaja ziwani kubahatisha msimu wa dagaa, nina neno lenu peke yenu. Mnakuja na gambuti za duarani. Kule zilikuwa na kazi: mawe, matope, maji ya chini ya ardhi. Kwenye mtumbwi usiku, karabai au taa za sola zinawaka, dagaa wanavutwa, gambuti ya kufika gotini ni mzigo. Ukitumbukia inajaa mara moja, na mguu wenye soksi iliyolowa hauchomoki. Mtumbwini kaa miguu mitupu au vaa ndala, au kiatu chochote unachoweza kukipiga teke kikatoka. Na gambuti iliyokanyaga zebaki au sayanaidi ya kuchenjulia dhahabu isikanyage palipo na samaki wa watu. Iacheni huko huko.

Ukianguka je? Hili mlijue kabla, maana ndani ya maji hakuna wa kukueleza. Watu husema suruali ikijaa maji inakuvuta chini. Si kweli. Maji yaliyo ndani ya suruali hayana uzito ukiwa ndani ya maji. Kinachoua ni hofu: mtu anapiga miguu kama anakimbia, miguu imejaa maji haiendi, anachoka, anakunywa maji. Lala chali. Kunja magoti kidogo, acha miguu ielee. Ile hewa iliyofungiwa na mkanda itaibeba. Kichwa kilale nyuma, masikio yaingie majini, mdomo uangalie mbingu. Piga kasia kwa mikono yako taratibu ukirudi kinyumenyume kuelekea nchi kavu. Ukifika penye kina kifupi usisimame. Hapo ndipo maji yaliyomo yanapopata uzito, na yanaweza kuwa dumu zima la lita 20 au zaidi. Tambaa, kaa, geuka upande mmoja yamwagike, ndipo usimame. Kwa sababu hiyo hiyo mtu mwenye suruali iliyojaa hawezi kujinyanyua kupanda mtumbwi, na anayemvuta kwa mikono naye ataishia majini. Mshikeni ubavuni mwa chombo, fungueni mikanda yake, na mumvue humo humo akiwa ameshika dumu. Ndipo apandishwe.

Haya yafanyiwe mazoezi. Jipimeni kwenye maji ya kiuno penye mchanga, mmoja amefungwa kamba kiunoni, wawili wameishika wakiwa ukingoni, naye ajiangushe chali mara kadhaa mpaka mwili uzoee.

Na anayeona mwenzake anazama asijirushe. Rusha dumu tupu lililofungwa vizuri kifuniko. La lita 20 linamshikilia mtu mzima juu ya maji. Rusha kamba, nyoosha upondo au kasia. Kila mwalo uwe na madumu mawili matatu yenye kamba yametundikwa mahali panapoonekana, na asiyaazime mtu kwa ajili ya mafuta ya taa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba ikikaribia uwanja, waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Walikufa watu 19, na 24 wakaokoka. Kwenye ziwa hili mwokoaji wa kwanza ni ninyi. Hakuna mwingine aliye karibu kuliko ninyi.

Kuhusu joto: mpira hautoi jasho nje. Kunyweni maji kabla hamjasikia kiu, na kila baada ya muda mtoke, mshushe suruali hadi kiunoni, mkae kivulini. Kijana anayeanza kuona kizunguzungu au kichefuchefu ndani ya suruali ya mpira atolewe majini papo hapo, hata kama mtumbwi wa tajiri bado umejaa.

Utunzaji wake hauna gharama. Ukitoka, isuuze kwa maji safi, igeuze ndani nje kadiri inavyogeuka, itundike kivulini ikining'inia kwa miguu. Jua linaukausha mpira ukapasuka. Petroli na oili ya mashine vinaulainisha ukaoza. Usiilalie wala usiikunje ikiwa mbichi, utaota fangasi vidoleni. Kutafuta tundu, fanya usiku: ingia chumbani, zima taa, ingiza tochi ya simu ndani ya mguu wa suruali, uisogeze polepole kutoka kisiginoni hadi gotini, kisha msambani, ukitazama kwa nje. Palipotoboka patang'aa kama nyota. Zungushia kalamu. Asubuhi kwaruza pale kwa msasa, futa vumbi, paka gundi ya fundi baiskeli, isubiri inate, bandika kiraka cha tyubu, kandamiza kwa jiwe hadi kesho yake. Suruali yenye viraka vitano vilivyobandikwa vizuri ni nzima. Lakini mshono wa buti ukishaachia, au mpira umepasuka-pasuka mistari myembamba kila mahali, hiyo imekwisha. Ikate uifanye turubai, usiiingize majini tena.

Mpira hautibu kichocho kilichokwisha ingia, wala hauzuii kile unachooga nacho jioni. Mtu anavaa suruali asubuhi, saa kumi anajitosa ziwani na sabuni. Chota maji, yaache kwenye pipa lenye kifuniko siku nzima na usiku wake, ndipo uoge. Vijidudu vile vikikosa mwili wa kuingia hufa ndani ya muda huo au hubaki bila nguvu. Jisaidieni chooni. Watoto wa shule wanapewa dawa ya kichocho na minyoo shuleni. Ninyi mliokwisha toka shule hakuna anayewafuata. Nendeni zahanati au kituo cha afya mpimwe choo. Dawa yake, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito au urefu wa mtu, inaua minyoo iliyokomaa, lakini haizuii kuambukizwa upya. Anayefanya kazi majini haendi mara moja akamaliza.

Nina neno kwa matajiri wa mitumbwi na wenye vizimba, maana vijana hawa wanavaa mnachowapa. Suruali moja ya mpira inayozungushwa kwa watu wanne wenye miili minne tofauti haimfai hata mmoja. Mnawanunulia mashine kwa kupima nguvu zake, nyavu kwa kupima matundu yake. Mnunulieni na kijana buti kwa namba ya mguu wake. Jaketi okozi ziwe nyingi kama watu waliomo chomboni, zisiwe za kuonyesha siku wakaguzi wa vyombo vya majini wa TASAC wanapopita. Na utabiri wa ziwa unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizwe kabla ya kuwasha mashine, hasa kwa safari za usiku, kwani radi na dhoruba nyingi za ziwa hili hujengeka usiku na kupiga kuelekea alfajiri, wakati ule ule mnaorudi na mzigo.

Nanyi, wanangu, ombi langu ni hili. Wengi mnaofanya kazi ziwani hamjui kuogelea, na mnaona aibu kusema. Semeni. Aliyekulia visiwani amfundishe aliyetoka bara, Jumapili asubuhi na mapema, penye mchanga mweupe mbali na matete, kisha wote mkapime kichocho kwa wakati wake, maana hakuna sehemu ya ukingo huu yenye uhakika. Kabla ya hapo, leo jioni mkitoka kazini, kila mmoja achuchumae ndani ya suruali yake, apandishe mguu kwenye kreti, aingize kidole nyuma ya kisigino. Isiyokuenea mpe inayemwenea, au mrudishie tajiri wako umwambie kwa heshima kwamba hutaingia nayo majini.